Dozi 9 zimwagwe tu

Juzi kwenye zahanati moja huku mwambao wa Uvinza, mkoa wa Kigoma, mama kashuka kwenye boti na mtoto wa miezi 9, kadi ya kliniki kaifunga kwenye nailoni isilowe, nesi akaangalia benchi akamwona yuko peke yake akamwambia dada angu rudi Alhamisi watoto wakiwa wengi, siwezi kufungua kichupa kizima cha surua kwa mtoto mmoja. Toka siku hiyo ni ubishi tu pale tunapoanika dagaa, na wengi wako na nesi.

Nesi naye ana hoja. Kichupa kina dozi 10, akifungua anatumia 1 na 9 zinamwagwa, afu mzigo mwingine unasubiri usafiri wa ziwa, na msimamizi akija anauliza chanjo zimepotelea wapi. Kumwaga dawa ya watoto kunauma jamani.

Ila hebu tukiangalie hicho kichupa chenyewe. Kiwandani bomba la kioo linazungushwa kwenye moto mpaka linatoa shingo na kitako, ni kioo chenye boroni ndani yake, kinastahimili joto la nyuzi 250 na zaidi wakati wa kuua vijidudu afu kinapelekwa kwenye baridi kali na hakipasuki. Chanjo inaingia ikiwa maji, kizibo cha mpira kinachomekwa nusu tu ili mvuke upate pa kutokea wakati inagandishwa na kukaushwa, ikishakuwa unga kizibo kinakandamizwa mle mle ndani ya mashine, ndo inakuja kofia ya alumini kubanwa shingoni. Kazi yote hiyo ni ya kulinda unga mpaka siku nesi atakapoutia maji. Akishatia maji ana muda wa saa 6 tu, au kliniki ikiisha kabla ya hapo basi, kinachobaki kinatupwa, maana hakina dawa ya kuzuia vijidudu. Sudan Kusini mwaka 2017 walitumia chanjo ya surua siku 4 bila friji, na bomba la sindano lile lile la kuchanganyia, wakafa watoto 15. (Wanaouliza mbona ya penta, ile chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja, inarudi kwenye friji, ile ni ya maji tayari na inaruhusiwa hadi siku 28 ikitunzwa vizuri, ni habari nyingine kabisa.)

Kwa hiyo aliyeamua dozi 10 zikae kwenye kioo kimoja alijua kabisa kuna siku zitamwagwa, na WHO wenyewe wanasema fungua hata kwa mtoto mmoja. Sisi ndo tunaita kumwaga huko uzembe.

Na kuna hesabu inaninyima usingizi. Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga, anaambukiza kama 12 mpaka 18. Sasa weka 9 za ndooni hapa, weka hao 18 pale, wengine wako kwenye boti moja wamebanana kama dagaa kwenye gunia. Afu ili surua isisambae inatakiwa watu 95 kati ya 100 wawe na kinga, yaani kijiji cha watoto 100 kina nafasi ya kukosa 5 tu, na huyu wa Alhamisi tayari ni mmoja wao. Daftarini dozi iliyomwagwa inaandikwa, mtoto aliyerudishwa sijaona anaandikwa wapi.

Kuna wanaosema basi viletwe vya dozi moja moja. Sawa, ila hapo ni vioo 10, vizibo 10, kofia 10, na friji ya sola ya zahanati ni ndogo, itajaa kioo na hewa. Mi ningeomba vya dozi 5, vipo, vije huku mwambao, vya 10 vibaki mjini Kigoma ambako saa tatu asubuhi benchi limeshajaa. Na mpaka vifike, nesi afungue tu.