Sikio la Shemeji

Gari langu lilipoanza kumisi, kila nikisimama injini ikiwaka, kioo cha pembeni kilinionyesha magari mawili penye moja. Halafu taa ya injini ikaanza kupepesa. Ikiwaka ikatulia, mtu unaweza kujidanganya kidogo. Ikipepesa, ujue petroli isiyoungua inapita hadi kwenye ekzosi na inaunguza kile kifaa cha kusafisha moshi, ambacho bei yake sitaki hata kuisikia.

Nikachomeka mashine ya kusoma kodi, zile namba za hitilafu ambazo gari hujiwekea. P0303: sailenda namba tatu ndiyo inayomisi. Nikabadilishanisha plagi ya tatu na ya kwanza, nikafuta kodi, nikawasha tena. Plagi ingekuwa mbovu, kodi ingehamia P0301. Haikuhama. Nikabaki na washukiwa wawili, waya wa plagi na noziri inayopulizia petroli.

Hapo ndipo shemeji alipotokea.

Shemeji haamini mashine. "Hicho kidude kinajua nini? Injini husikilizwa!" Na kusikiliza ni ufundi wa kweli, sikatai: ncha ya bisibisi kwenye noziri, mpini sikioni, na noziri nzima utaisikia ikigonga tiki-tiki-tiki. Ila bisibisi ina mpini wa plastiki. Shemeji aliokota ekstensheni ya soketi, chuma kitupu mwanzo hadi mwisho, akaibandika sikioni.

"Shemeji, angalia hizo waya..."

"Nyamaza, nasikiliza."

Namba moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Namba mbili, akafumba macho kabisa, daktari bingwa. Namba tatu, ekstensheni ikapita jirani na waya wa plagi uliopasuka ganda. Humo hupita volti 20,000 na zaidi, na ganda likipasuka, umeme huo huruka kwenye chuma chochote kilicho karibu.

Tap!

Shemeji akamwita mama yake, yaani mama mkwe wangu, ambaye aliitika kutoka sebuleni. Kisogo kikagonga boneti. Ekstensheni ikatumbukia chini ya injini na mpaka leo haijulikani iliko.

Nikazima gari mbio. Tulipohakikisha yuko mzima, nikamulika tochi: ufa huo hapo, kwenye waya wa tatu. Nikafunga seti mpya ya waya, injini ikatulia tuli.

Mama mkwe akatoka kuuliza kelele zile zilikuwa za nini. Shemeji, kiganja bado sikioni, akamjibu kwa utulivu mkubwa:

"Nilikuwa namwambia huyu ni namba tatu."