Ilikuwa Bukta, Sio Chupi

Kabla hamjaendelea kuforwadi ile voisi ya shemeji yangu kuhusu mimi, gari yangu na mama mkwe, naomba niweke sawa kitu kimoja: ilikuwa bukta. Sio chupi. Bukta ya michezo, ya bluu, ya shule. Mengine yote aliyosema ni kweli, Mungu anamuona.

Bebi woka yangu, kale kagari kangu kadogo, mnaijua. Wiki tatu ilikuwa inanitesa, asubuhi unapiga stata mpaka majirani wanaamka, ikiwaka haikai sailensa, yaani ukiachia mafuta haitulii, ukiingia kwenye foleni inatetemeka kama ina malaria halafu zii. Mimi nikajifanya daktari. Nikaanza na plagi, nne, elfu sabini. Bado. Jamaa wa kazini akasema betri hiyo, nikanunua betri. Bado. Mwingine, na huyu hana hata baiskeli, akasema hizo ni dalili za pampu ya mafuta, nikafunga pampu, laki na ishirini. Siku mbili ikatulia (au niliona imetulia kwa uchungu wa hela), ya tatu ikarudi palepale.

Jumamosi mama mkwe anakuja toka Lushoto. Mke akasema tuite taksi. Nikasema mama yako aje kuchukuliwa na taksi mimi nipo hai? Nikaenda na shemeji mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi, tukampakia mama siti ya nyuma na kikapu chake cha mapeasi na jogoo kafungwa miguu. Tumefika Kimara Stop Over, gari ikazima. Ndiyo, Stop Over. Chekeni mmalize.

Stata nye-nye-nye-nye, honi nyuma zinalia, wakatokea vijana wakaanza kusukuma. Jamani gari ni otomatiki. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa hata uifikishe Chalinze, na hilo nalijua vizuri sana, ila mama mkwe yuko ndani anasema "jitahidini wanangu", ningeanzaje kuwaambia waache? Wakasukuma mpaka kwenye gereji ya chini ya mti.

Fundi mwenyewe kijana mdogo, ovaroli imeganda grisi, mashine ya kupima hana. Nikamsomea historia ya mgonjwa yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Braza, injini inataka vitu vitatu. Moto, mafuta na hewa. Viwili umeshanunua." Akafungua boneti, akaziba mdomo wa bomba la kuingizia hewa kwa kiganja. "Piga stata." Nikapiga. "Haivuti hii. Ilitakiwa inishike mkono."

Hapa naomba twende taratibu maana kila nikifumba macho narudi hapa.

Mama mkwe ameshuka kunyoosha miguu, kasimama pembeni yangu, jogoo kwapani. Shemeji ameshatoa simu anarekodi, eti anataka kujifunza ufundi. Fundi analegeza klipu ya kwanza. Ya pili imegoma, anaigonga na mpini wa bisibisi. Anachomoa lile bomba jeusi la mpira linalotoka kwenye ea klina, ile chujio ya hewa, anachungulia. Anatulia. Ananiangalia. Anachungulia tena. Anaingiza vidole viwili, nikaona rangi ya bluu, na hapohapo nikakumbuka kila kitu: ile Jumapili niliyoangalia video YouTube nikaamua kusafisha throto, ule mlango wa hewa ya injini, mwenyewe, nikachomeka tambara kwenye bomba ili vumbi lisiingie, mke akaita ugali tayari. Nikaenda kula. Niliporudi nikafunga klipu zangu vizuri kabisa.

(Mnaouliza ilitembeaje wiki tatu, fundi anasema mwanzoni itakuwa ilikaa upande hewa inapenya, injini ikawa inaivuta kidogo kidogo mpaka ikaziba.)

Nikasema "acha tu fundi, nitamalizia nyumbani." Wapi. Inatoka, imejikunja kama utumbo, lastiki imenasa, anavuta, inavutika, anavuta, inavutika, pwaa! Akaikung'uta. Akaitandaza juu ya bawa la gari kwa mikono miwili kama anauza mtumba.

Sasa nyie mliosoma bodingi mnajua nguo tulikuwa tunaziandika majina kwa maka peni zisiibiwe. Wino ule hautoki. Mama mkwe akavaa miwani. Akasogea. Akasoma jina langu, la baba yangu, na la ukoo, kwa sauti, polepole, kama mwalimu anaita mahudhurio, halafu akamalizia: "Form Four B."

Jogoo akawika. Siongezi chumvi, shemeji anayo kwenye video.

"Mkwe wangu, hii ni yako?"

Nikasema, "Shikamoo mama." Sijui imetokea wapi, tulishasalimiana stendi.

"Marahaba," akaitika, na fundi akageukia mti akaanza kutikisika mabega.

Basi gari ikawaka stata moja, fundi akachukua elfu kumi, duka la spea wamesema pampu ikishafungwa hairudishwi, mke wangu yuko jikoni anacheka peke yake mpaka leo. Leo asubuhi natoka kwenda kazini nakuta mama ameifua, kaianika kwenye kamba ya mbele inayoangalia barabarani, jina limegeukia nje.