Kijivu au Nyeusi?
Kinachoniudhi katika kuunda Mnara wa Eiffel kwa vitofali vya kuchezea si miguu minne inayonilazimu kurudia hatua zilezile mara nne, kwani hata mnara wenyewe, uliokamilika Paris mwaka 1889, uliunganishwa kwa vipande vya chuma zaidi ya 18,000. Kinachoniudhi ni kijitabu cha maelekezo kilichochapishwa kwa wino mzito kiasi kwamba rangi ya kijivu iliyokoza na nyeusi hazitofautiani kabisa. Jana usiku nilibomoa ghorofa nzima ya kwanza ili kutoa kitofali kimoja cheusi, tena kilichofichika ndani, nilichokiweka mahali pa kijivu na ambacho sasa kilihitajika juu. Kwa nini rangi ya kila kipande isiandikwe kwa maneno?