Mgonjwa wa sukari akiacha dozi, kosa ni la nani?

"Mama, wewe hujitahidi." Neno hilo shangazi yangu alilisikia kliniki karibu mwaka mzima. Sukari inasoma 16, daftari linafunguliwa, na kabla hajaeleza alivyoishi mwezi huo, ameshahukumiwa. Hakuanza kujitahidi kwa sababu ya kusemwa. Aliacha kwenda kliniki.

Wanaomlaumu mgonjwa hawasemi uongo mtupu. Kisukari cha aina ya pili ni ugonjwa unaotibiwa nyumbani zaidi kuliko hospitalini. Daktari anakuona dakika chache, kisha wiki nzima zinabaki mikononi mwako: kidonge cha asubuhi, kipimo cha ugali, ukaguzi wa nyayo kabla ya kulala. Na malipo yake hayaonekani upesi. Metformin, kidonge cha kushusha sukari, inaweza kuanza kwa kukuletea kichefuchefu na kuharisha, ilhali faida yake ni jicho ambalo halikupofuka na figo ambayo haikuharibika, vitu ambavyo hakuna anayevihisi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao UKPDS, uliotoa matokeo yake mwaka 1998, ulionyesha kuwa kuibana sukari kulipunguza madhara ya mishipa midogo ya damu, kama ya macho na figo, kwa takriban robo. Wagonjwa wale walifuatiliwa kwa takriban miaka 10. Anayemeza kidonge leo kwa ajili ya jicho la miaka 10 ijayo anahitaji nguvu ya ndani, wala hilo silipingi.

Nguvu hiyo wanasaikolojia wameipa maelezo mazuri. Mwaka 1977 Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliandika kwamba mtu hulianza jambo gumu na kudumu nalo kadiri anavyoamini kuwa analiweza. Hapa watu hukosea. Wanadhani anazungumzia ujasiri wa jumla, wa yule anayesikika kuliko wote barazani. La hasha. Ni imani juu ya kitendo kimoja kimoja: naweza kujichoma sindano bila kusaidiwa; naweza kukataa soda harusini bila kuona haya; naweza kukumbuka dozi hata nikiwa msibani. Mtu anaweza kuongoza kikao cha ukoo na bado akatetemeka mbele ya sindano ya insulini. Tafiti nyingi za wagonjwa wa kisukari zimeona kuwa wenye imani ya namna hii hushika dozi vizuri zaidi.

Lakini ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 inatufunga breki. Ilieleza kwamba hata katika nchi tajiri, wanaofuata tiba za magonjwa ya kudumu ni karibu nusu tu ya wagonjwa, na katika nchi maskini hali ni mbaya zaidi. Ilitaja makundi matano ya sababu: uchumi na jamii, mfumo wa afya, ugonjwa wenyewe, aina ya tiba, na mgonjwa. Mgonjwa ni moja kati ya matano, nasi tumezoea kuanza naye na kumalizia kwake.

Mimi naona pande hizi mbili haziko mbali hivyo. Bandura alisema chanzo kikuu cha kujiamini ni kuwahi kujaribu na kufaulu. Sasa mgonjwa asiye na vijiti vya kupimia sukari atajuaje kwamba amefaulu? Kapunguza wali, katembea kila jioni, kameza vidonge vyote, na hana namba ya kumwambia kwamba jasho lake limezaa. Akikuta dirisha la dawa halina dawa mara mbili mfululizo, anachojifunza ni kwamba juhudi zake hazibadilishi kitu. Umaskini unamnyima kidonge, kisha unamnyima na sababu ya kuamini kidonge.

Insulini nayo ni hivyo hivyo. Wangapi wameikataa kwa sababu hawana friji ya kuihifadhi? Mwaka 2021 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (Médecins Sans Frontières) na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya utafiti ulioanzia kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya. Walipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi, kisha maabara ikapitisha insulini kwenye joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne. Nguvu yake ilibaki. Mgonjwa asijiamulie peke yake namna ya kuhifadhi dawa, lakini mhudumu mwenye habari hii anaweza kumwondolea mtu hofu ambayo hotuba ya kujitahidi haiigusi.

Pia kuna kujiamini kunakoua. Sukari ikishuka hadi 6, mtu anatangaza amepona, anaacha vidonge na kubaki na majani ya kuchemsha. Huyo hakosi imani, ameiweka pasipostahili. Na wapo wenye bima na kabati lililojaa dawa wanaokataa sindano kwa kuamini kwamba ukifika kwenye insulini umefika mwisho. Kwa hao, ukosefu wa fedha hauelezi lolote.

Shangazi alirudi kliniki baada ya kidonda cha mguu kumtisha. Safari hii muuguzi alimuuliza, "Mama, ni dozi ipi inayokushinda?" Ilikuwa ya jioni. Alikuwa akiimeza tumbo tupu gengeni, kisha anaharisha usiku kucha. Wakakubaliana aimeze baada ya chakula, na hilo tu, mengine yasubiri. Miezi miwili baadaye alikuwa anatupigia simu kututajia namba zake.

Vijiti ananunuliwa na mwanawe. Mwezi ambao kijana hana kazi, shangazi hapimi, na ameniambia kwamba ni miezi hiyo anapoanza tena kujiuliza kama ataweza.