Masomo binafsi ya skii: nani anayahitaji zaidi, mtoto au mzazi?

Familia nyingi zinazokwenda kujifunza skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa vibao virefu viwili vinavyofungwa miguuni (navyo huitwa skii), kwa mara ya kwanza hugawa fedha zao kwa namna moja. Mtoto anatafutiwa mwalimu wake peke yake. Baba na mama wanaingia darasa la watu wanane au kumi, au wanamtegemea rafiki anayejua kidogo. Nia ni njema, kwani mtoto ni wa kulindwa, na sote tumelelewa na methali ya samaki mkunje angali mbichi. Lakini nikitazama jinsi mwili unavyojifunza mchezo huu, naona mgawanyo huo umekaa kichwa chini miguu juu. Mara nyingi anayemhitaji zaidi mwalimu wa peke yake ni mtu mzima.

Kwanza tuone kinachonunuliwa hasa. Darasa la saa mbili lenye watu wanane, hata mwalimu akigawa muda wake kwa haki kabisa, linampa kila mmoja dakika 15 za kuangaliwa. Muda uliobaki ni wa kusimama mteremkoni ukisubiri zamu, kumngoja aliyeanguka avae tena skii zake, na kupanga foleni ya lifti inayowapandisha watu mlimani. Kundi hutembea kwa mwendo wa aliye mgumu kuliko wote, na anayeelewa upesi hupoa mwili na hamu pia. Mwalimu binafsi anaondoa kusubiri huko. Tena katika vituo vingi wanaofuatana na mwalimu hupitia njia yao kwenye lifti, kwa hiyo saa moja ina mizunguko mingi zaidi.

Hata hivyo tusilidharau kundi kana kwamba ni la wasio na uwezo tu. Hannes Schneider, aliyefungua shule ya skii huko St. Anton, Austria, mwanzoni mwa miaka ya 1920, aliwapanga wanafunzi kwa viwango na kuwapitisha katika hatua zilizofuatana: kwanza plau, yaani ncha za mbele za skii zinakaribiana na mikia inatanuka ili kupunguza mwendo, kisha kugeuka ukiwa katika plau hiyo, halafu mizunguko ya kasi zaidi. Mpango huo uliwafundisha watu wengi sana bila kila mmoja kuwa na mwalimu wake. Ukiwa na siku za kutosha, na kundi lenye watu wa kiwango kimoja kweli, utafika.

Tatizo la mtu mzima ni kwamba makosa yake yana sababu zilizojificha. Chukua kosa kubwa kuliko yote, la kuegemea nyuma. Mteremko ukimtisha mtu, mwili unajivuta kurudi upande wa mlima. Uzito unahamia visiginoni, ncha za mbele zinakuwa nyepesi, na skii nyepesi mbele hazigeuki. Zisipogeuka mwendo unaongezeka, na hofu inaongezeka nao, naye anaegemea nyuma zaidi. Mwalimu wa kundi ataliona hilo, atapaza sauti "Egemea mbele!", kisha atamgeukia mwanafunzi wa pili. Agizo ni sahihi lakini halimsaidii, kwa sababu halijagusa chanzo.

Chanzo kinaweza kuwa buti. Wanaoanza hupenda buti zilizolegea kwa kuwa zinazobana zinaumiza. Kisigino kinainuka ndani, mguu unacheza, na skii hazipokei amri. Kinaweza kuwa kifundo cha mguu kisichokunjika vizuri, au goti lililowahi kuumia ambalo mwenyewe analilinda bila kujua. Au pengine mteremko wenyewe ni mkali mno kwake, na dawa ni kurudi kule chini kwenye mkanda unaobeba wanaoanza, akae hapo nusu saa bila kuona haya mbele ya darasa. Kila sababu ina tiba yake, na kuitambua kunahitaji mtu anayekutazama wewe mfululizo, akakuuliza, akajaribu hili na lile. Hapa ndipo masomo binafsi yanapolipa gharama yake waziwazi.

Tena mtu mzima akianguka anaweza kuumia vibaya. Kano za goti hukatika mara nyingi mtu anapoanguka kinyumenyume na kulazimisha kusimama huku skii bado zinakwenda. Kumzoeza mtu kujiachia hadi mwendo ukome kabisa, ndipo ainuke, ni kazi ya kurudiarudia kwa utulivu. Darasa la watu kumi hutajiwa jambo hilo mara moja na kupita.

Kwa mtoto mambo hubadilika kulingana na umri. Wa miaka 3 au 4 anahitaji mwalimu wake, kwa muda mfupi. Hawezi kushika maelekezo ya kundi, anachoka na kupoa haraka, na katika darasa la wadogo sehemu kubwa ya asubuhi huliwa na glavu, kamasi na safari za chooni. Saa moja na mtu anayejua kucheza naye inamtosha. Nina pingamizi moja, kuhusu kamba ya kumshikilia mtoto kwa nyuma inayotumiwa na baadhi ya walimu na wazazi. Mtoto huizoea, akaiegemea, na kazi ya kuzuia mwendo inabaki kwa aliyeishika kamba. Mteremko mpole ni bora kuliko kamba.

Akishafika miaka 6 au 7, nadhani kundi linampita mwalimu binafsi kwa wengi. Watoto wa umri huo hujifunza kwa kuiga, na humwiga mtoto mwenzao kwa bidii kuliko wanavyomsikiliza mtu mzima. Hili si la watoto peke yao. Utafiti wa Shea, Wulf na Whitacre wa mwaka 1999 uliwapa watu kazi ya kusimama kwenye ubao usiotulia. Waliofanya mazoezi wawili wawili kwa kupokezana, wakitazamana na kuongea, walifanya vizuri zaidi walipopimwa baadaye kuliko waliofanya peke yao. Kumbe ule muda wa kumtazama mwenzako haupotei wote. Na mtoto anayekaa siku nzima na mtu mzima mmoja anayemkagua kila hatua huchoka kukaguliwa. Ameletwa kucheza.

Wapo watoto ambao hesabu yao ni tofauti: aliyeanguka vibaya na sasa anakataa kupanda lifti, asiyeelewa lugha inayosemwa darasani, aliyekwama kati ya viwango viwili. Kwa mwenye ulemavu, mwalimu wa peke yake huwa ndiye mlango wenyewe wa mchezo. Asiyeona huteleza akifuata sauti ya kiongozi wake, na asiyeweza kusimama hutumia kiti kilichofungwa juu ya skii. Hapa sioni cha kubishania.

Sasa upande ambao wauzaji wa masomo haya hawautaji. Uangalizi mwingi unaweza kuharibu kujifunza. Mwaka 1984 Salmoni, Schmidt na Walter walipitia tafiti kuhusu maoni anayopewa mwanafunzi baada ya kujaribu, wakaonyesha kuwa maoni ya mara kwa mara humfanya aonekane hodari wakati wa mazoezi, lakini yakiondolewa uhodari hushuka, kwa sababu alikuwa anayategemea. Katika masomo binafsi hatari hiyo ni kubwa, na mteja mwenyewe huichochea. Aliyelipia saa nzima huona ukimya wa mwalimu kama uvivu, na mwalimu kwa kutaka kumridhisha anaongea kila mzunguko: goti hivi, bega vile, mkono mbele. Siku ya pili, akiwa peke yake, mwanafunzi hajui hata aanzie wapi.

Aina ya maneno ina uzito pia. Gabriele Wulf na wenzake waliwajaribu watu kwenye mashine ya kuigiza skii, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1998. Walioambiwa waelekeze akili kwenye magurudumu ya mashine walijifunza vizuri kuliko walioambiwa waifikirie miguu yao. Kwa hiyo mwalimu anayesema "sukuma theluji kwa ukingo wa skii hii" hukusaidia kuliko anayekupa orodha ya viungo vya mwili. Mwalimu wa namna hiyo anaweza kuwa na kundi, na asiye wa namna hiyo anaweza kuwa wako peke yako, nawe hutakuwa na wenzako wa kukupunguzia hasara. Majira ya likizo, wanafunzi wanapofurika, kumchagua unayemtaka ni vigumu zaidi.

Liko pia suala la kujitegemea. Anayefuata nyuma ya mwalimu kutwa nzima hachagui njia. Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, lina kanuni 10 za mwenendo mteremkoni: kwamba aliye mbele yako ana haki ya njia, kwamba usisimame mahali pembamba au pasipoonekana, na kadhalika. Kanuni hizo huingia akilini unapoamua mwenyewe. Ndiyo maana mwalimu mzuri, baada ya muda, humwambia mwanafunzi atangulie.

Mpango ninaouona mbaya kuliko yote ni wa familia kumchukua mwalimu mmoja kwa pamoja. Kwa kuwa bei mara nyingi ni ya saa ya mwalimu, si ya kichwa, watu wanne wanaona wameokoa. Kumbe wamejenga kundi lenye tofauti kubwa kuliko darasa lolote: baba mwenye hofu, kijana anayetaka mteremko mwekundu, yaani ule usio wa wanaoanza, na mdogo anayelia baridi. Watu wawili au watatu wa kiwango kimoja, hata kama si ndugu, watafaidika zaidi kwa fedha ileile.

Kama fedha ni za kuhesabu, mimi ningempa mtoto wa miaka 8 darasa la wenzake na mzazi mwalimu binafsi kwa saa mbili za kwanza. Kisha mzazi afanye mazoezi yake bila mwalimu siku moja au mbili, na anunue saa nyingine pale atakapokwama, ambapo kwa wengi ni kwenye kuiacha plau na kuzilaza skii sambamba. Kabla ya kulipa aulize kama atampata mwalimu yuleyule mara ya pili. Na saa hiyo ikianza, amwombe amtazame kwanza akiteremka mara mbili au tatu bila kumwambia neno.