Kiatu cha Peku Kwenye Theluji Mbichi: Utando Unazuia Nini Hasa?

Anayetembea milimani Uskoti katika majira ya baridi hukutana na maji kabla hajakutana na theluji. Katika vilima vya Pentland, vilivyo kusini mwa Edinburgh na ambavyo kilele chake kirefu zaidi, Scald Law, ni mita 579 tu, njia ya Januari ni mchanganyiko wa kinamasi cheusi, nyasi zilizolala kwa uzito wa maji, vijito vilivyofurika na, juu kidogo, theluji laini inayogeuka uji mara inapokanyagwa. Joto la mchana aghalabu huzunguka kati ya nyuzi 0 na 7. Katika mazingira haya, swali la kununua au kutonunua viatu vya peku visivyopitisha maji lina uzito kuliko lilivyo katika baridi kavu ya kaskazini ya mbali, na majibu ya wauzaji, pamoja na yale ya wapinzani wao, bado hayajaniridhisha.

Ninaposema viatu vya peku nakusudia viatu vilivyobuniwa ili mguu ufanye kazi kana kwamba haukuvaa kitu: mbele ni vipana kiasi cha vidole kutandazika, kisigino na vidole hukaa usawa mmoja, na soli ni nyembamba, mara nyingi milimita 3 hadi 6 bila kuhesabu meno yake, tena inakunjika kirahisi mkononi. Msomaji aliyekwenda shule ya msingi peku, asubuhi yenye umande, ana haki ya kucheka anaposikia mtu akilipa karibu pauni 200 ili ajisikie kana kwamba hakuvaa viatu. Biashara yenyewe ilipata nguvu kwa sehemu kutoka kwenye nyayo zetu, kwani utafiti wa Daniel Lieberman na wenzake uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2010 uliwapima, miongoni mwa wengine, wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya, ukaonyesha kwamba waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu. Matangazo yakachukua matokeo hayo na kuyanyoosha hadi mahali ambapo utafiti haukufika. Uliwahusu wakimbiaji, haukumhusu mtu anayepanda mlima polepole katika uji wa theluji akiwa na mkoba wa kilo 8 mgongoni.

Kuhusu faida kwa mguu, ushahidi uliopo unavuta pande mbili, na ni vema usomwe wote. Sarah Ridge na wenzake walichapisha mwaka 2013 matokeo ya wakimbiaji waliohamia viatu vya aina hii kwa muda wa wiki 10, na baadhi yao walionekana kwenye picha kuwa na uvimbe ndani ya mifupa ya mguu. Mwaka 2019, huyo huyo Ridge na wenzake walionyesha kwamba kutembea tu, bila kukimbia, katika viatu vya namna hiyo kwa wiki 8 huimarisha misuli midogo ya mguu kwa kiwango kinachokaribiana na cha mazoezi maalumu. Katikati ya tafiti hizo mbili, mwaka 2014, kampuni ya Vibram, iliyouza kiatu mashuhuri chenye vidole vitano, ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliolalamikia madai yake ya kiafya, ingawa haikukiri kosa. Mimi naona kwamba kutembea kunasaidia mguu mradi mtu aanze kidogo kidogo, na kwamba majira ya baridi si wakati wa kuanza. Mwenye vigimbi vilivyozoea kisigino kilichoinuliwa, akishuka mteremko wenye utelezi kwa kiatu bapa, atailipa gharama hiyo kesho yake asubuhi kwenye ngazi.

Tuje kwenye utando wenyewe, yaani lile tabaka jembamba lililo ndani ya kiatu ili kuzuia maji. Viatu vingi visivyopitisha maji hutumia utando wa jamii ile iliyotokana na ugunduzi wa Robert Gore mwaka 1969, alipouvuta kwa ghafla ufito wa PTFE, plastiki ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula, ukanyumbuka na kubaki na vitundu vidogo mno ambavyo tone la maji haliwezi kupita ilhali mvuke wa jasho unapita. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yana sharti ambalo dukani halitajwi sana. Mvuke hausukumwi na utando, bali na tofauti ya joto na unyevu kati ya ndani na nje. Sehemu ya juu ya kiatu ikishalowa chepechepe, maji hutanda upande wa nje, mvuke unakosa pa kutokea, na jasho linarudi kuwa maji ndani ya soksi. Mtu hurudi nyumbani akilalamika kwamba kiatu kinavuja, kumbe aliyemlowesha ni mguu wake mwenyewe. Kiatu cha peku kina tatizo la ziada, kwa kuwa ulaini wake, ambao ndio sifa yake kuu, huukunja utando mahali pale pale, nyuma ya vidole, kila hatua, maelfu ya mara kwa siku moja. Jozi yangu ya kwanza ilianza kuvuja hapo hapo kwenye mkunjo kabla haijamaliza majira mawili.

Kisha kuna mlango ambao hakuna utando unaoufunga, yaani pale mguu unapoingilia. Januari moja, karibu na bwawa la Glencorse, huko huko Pentland, nilivuka kijito nilichokadiria kuwa na kina cha vidole vitatu. Kilinipita kifundo. Maji yaliingia kwa mara moja na hayakutoka hadi jioni, kwa sababu kile kinachoyazuia yasiingie ndicho kinachoyazuia yasitoke. Nilikaa juu ya jiwe, nikavua, nikakiinamisha kiatu kama birika, nikakamua soksi, na vidole vilikuwa vyeupe, vimekunjamana kama vya mtu aliyefua asubuhi nzima. Nilipokuwa nikitembea, maji yaliyobaki yalipata joto la mwili na hali ilivumilika, lakini kila niliposimama, hata kwa kumenya chungwa, ubaridi ulirudi kutoka chini, si kutoka pembeni. Ubaridi huo wa chini ndio ulionifanya nilitazame upya suala zima.

Mjadala wa kawaida hulichukulia neno "haipitishi maji" kana kwamba ni jibu la baridi. Katika kiatu chenye soli ya sentimita mbili au tatu hilo linaweza kupita, maana unene wa soli hufanya kazi yake kimyakimya. Katika kiatu cha peku, kati ya unyayo na barafu kuna mpira usiozidi unene wa sarafu mbili tatu, na joto hupotea kwa kugusana, kiatu kiwe kikavu au kimelowa. Mpira wa soli hupitisha joto takribani mara nne kuliko sufu iliyoshindiliwa. Kwa hesabu hiyo, milimita 5 za sufu zinaweza kufanya kazi ya karibu milimita 20 za mpira, mradi sufu ibaki kavu na isibanwe ikawa kama karatasi. Sharti la ukavu si dogo, kwa kuwa maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa iliyotulia, na sufu ni nini kama si hewa iliyoshikwa na nyuzi?

Nililijaribu jambo hili jikoni, kwa namna isiyo ya kisayansi hata kidogo. Nilitandaza mifuko miwili ya barafu sakafuni, nikasimama juu yake nikiwa nimevaa viatu, wa kushoto ukiwa na soli ya ndani iliyotoka kiwandani, wa kulia ukiwa na soli niliyoikata kwa mkasi kutoka kwenye blanketi kuukuu la sufu, tabaka mbili. Baada ya dakika kumi, mguu wa kushoto ulikuwa ukiuma chini ya gumba, na wa kulia hauna habari. Kesho yake niliilowesha soli ya sufu nikarudia, na miguu yote miwili ikalia pamoja. Hapo ndipo nilipoanza kuutetea utando kwa sababu tofauti na zile za matangazo. Faida yake kubwa katika kiatu chembamba ni kuilinda soli ya ndani dhidi ya maji, kwani soli hiyo ndiyo inayomkinga mtu dhidi ya ardhi; kuhusu mguu wenyewe, jasho litaulowesha kwa vyovyote.

Wafuasi wakali wa peku watapinga kwamba sufu ya milimita 5 inamnyima mtu kile alichokilipia, yaani kuisikia ardhi kwa unyayo. Pingamizi lao lina nguvu Julai. Januari, theluji na tope vimekwisha kuifunika ardhi, na anayeng'ang'ania kuisikia ataisikia kwa muda mfupi tu kabla ganzi haijamnyang'anya hisia yote. Kati ya sifa tatu za kiatu cha peku, upana, usawa na wembamba, wembamba ndio unaoweza kuachwa wakati wa baridi bila hasara kubwa, ilhali upana unakuwa na thamani zaidi kuliko wakati wa joto. Kiatu kinachobana hupunguza mzunguko wa damu vidoleni na kuibana soksi nene hadi ikapoteza hewa yake. Kwenye jambo hili moja, viatu vya peku vinavishinda mabuti mengi ya kawaida ninayoyajua, na ninashangaa kwamba wauzaji wake huutaja upana huo kama suala la umbo la mguu tu, wasiutaje kama suala la joto.

Hoja nyingine ya wafuasi hao ni ya kihistoria, na inastahili heshima. Wasami wa kaskazini mwa Ulaya walivaa kwa karne nyingi viatu laini vya ngozi ya kulungu wa kaskazini, visivyo na soli ngumu wala utando, wakavijaza nyasi kavu badala ya soksi. Wapelelezi wa ncha ya kusini, wakiwemo wa msafara wa Robert Scott, waliviazima viatu hivyo kwa sababu vilikuwa na joto kuliko mabuti yao. Historia hiyo inathibitisha kwamba wembamba wa kiatu si hukumu ya kifo. Hata hivyo, nyasi zile zilitolewa na kukaushwa, na theluji iliyokanyagwa ilikuwa kavu kama unga, haishiki wala hailoweshi. Kuihamisha hoja hiyo hadi Pentland, ambako theluji ni maji yaliyochelewa kuyeyuka, ni kusahau nusu ya sababu zilizoifanya ifaulu. Baridi yenye maji ina ubaya wake wa pekee: askari wa Vita Kuu ya Kwanza walipata ugonjwa wa mguu wa handaki bila miguu yao kuganda, kwa kukaa saa nyingi katika tope lenye ubaridi wa juu ya sifuri.

Njia ya kati inayopendekezwa mara kwa mara ni kiatu chepesi kisicho na utando, kinachoingiza na kutoa maji kwa uhuru, pamoja na soksi isiyopitisha maji. Nimeitumia, na kwa safari ya saa mbili tatu yenye vijito vingi naiona ni bora kuliko buti la utando, kwa kuwa soksi hufika juu ya muundi na kiatu hukauka upesi usiku. Kasoro yake ni kwamba soli ya ndani inabaki upande wa nje wa kizuizi, inalowa, na tunarudi pale pale kwenye barafu ya jikoni. Inamfaa anayetembea bila kusimama, na haimfai mwenye mazoea, kama niliyo nayo mimi, ya kukaa kileleni na chupa ya chai.

Kuna mpaka ambao hoja zote hizi zinaishia. Milima ya Cairngorms, ambako Cairn Gorm unafika mita 1,245, au Ben Nevis wenye mita 1,345, huwa na theluji ngumu na barafu kwa muda mrefu wa majira ya baridi, na huko mtu huhitaji kuchonga ngazi kwa ncha ya buti na kufunga chini yake kramponi, yaani fremu za chuma zenye meno. Kramponi hutaka soli isiyokunjika. Ndiyo maana Waingereza huyapanga mabuti katika daraja za B1 hadi B3 kwa ugumu wake. Kiatu cha peku hakina daraja humo. Hata minyororo myepesi yenye meno mafupi, inayoshikiliwa na mpira kuzunguka kiatu, huubana ule upana niliousifu na kuusukuma ugumu wa chuma kupitia soli nyembamba. Historia ya Vibram yenyewe ina jambo la kufikirisha hapa, kwani mwanzilishi wake, Vitale Bramani, aliibuni soli ya mpira yenye meno makubwa, ambayo jina lake la Kiitaliano lina maana ya kifaru cha vita, baada ya rafiki zake sita kufa katika milima ya Alps mwaka 1935 wakiwa na viatu visivyofaa. Haikuwa ajabu ndogo kwamba miaka sabini hivi baadaye kampuni hiyo hiyo iliuza kiatu kinachofanana na glovu.

Kwa vilima vya chini, basi, ningechagua buti la peku lenye utando na shingo inayopita kifundo, ulimi wake ukiwa umeshonwa pande zote mbili hadi juu ili maji yasipenye kando, meno ya soli yakiwa marefu kiasi cha kushika tope, na soli ya ndani ikitoka kwa mkono. Hilo la mwisho ndilo ningeliuliza kwanza dukani. Kipimo kichukuliwe jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, soksi nene ikiwa imevaliwa na soli ya sufu ikiwa imeshawekwa ndani, kisha ibaki nafasi ya upana wa kidole mbele ya gumba. Mwenye miguu inayotoka jasho jingi, au anayetembea kwa kasi bila kupumzika, namwachia soksi zake zisizopitisha maji na wala simbishii. Mimi hubeba soli mbili za ziada za sufu ndani ya mfuko wa plastiki kwenye mkoba. Ni nyepesi kuliko chungwa, na mlo wa mchana ukifika huzibadilisha kabla sijafungua chupa ya chai.