Mkanda upo, kamba imefungwa wapi?

Kijana alikuwa amesimama juu ya ubao mmoja uliolazwa kwenye mirunda, ghorofa ya kwanza ya nyumba inayojengwa upande wa Goba, Dar es Salaam. Amevaa mkanda kamili wa usalama: wa mapajani umekazwa, wa kifuani umefungwa, kofia ngumu kichwani, kizibao kinang'aa. Nyuma yake kamba mbili zilining'inia mpaka usawa wa magoti, na kila alipoinama kupokea karai la zege, ndoano zake ziligonga nondo zikalia. Hazikuwa zimeshika kitu chochote.

Nikamwuliza, "Mdogo wangu, mbona hujajifunga?"

Akatazama juu, akatazama kulia na kushoto, akanijibu kwa adabu: "Nijifunge wapi, kaka?"

Swali hilo sijaweza kuliacha. Kila linapozungumzwa suala la watu kuanguka kazini, mazungumzo hayachukui muda kabla ya kugeuka kuwa ya mkanda. Wasimamizi wengi na wakaguzi wanataka kila anayepanda zaidi ya mita mbili avae, na asiyevaa arudi nyumbani. Mafundi wengi wanasema mkanda unawabana na kuwachelewesha, na kwamba wamejenga miaka yote bila huo. Nimekaa na hawa na wale, na naona kila upande una jambo la kweli ambalo mwenzake halisikii.

Nianze na wanaosisitiza mkanda. Anayeanguka kutoka mita sita anafika chini baada ya sekunde moja na kidogo, kwa mwendo unaokaribia kilomita 40 kwa saa. Fundi mzoefu anaposema, "Mimi nina miaka ishirini sijaanguka," namwamini kabisa, lakini ndani ya sekunde ile moja hakuna uzoefu unaofanya kazi. Ubao ukivunjika, upepo ukikamata bati alilolishika, kizunguzungu kikimjia kwa sababu hajala tangu asubuhi, mikono haina nafasi ya kutafuta kitu cha kushika. Lazima kiwepo kitu kilichoshika tayari.

Tena zipo kazi ambazo kitu hicho ni mkanda tu. Anayepanda mnara wa simu wa mita 50 hawezi kujengewa jukwaa kila hatua. Yeye hupanda kwa kamba mbili: ndoano ya kwanza haifunguliwi mpaka ya pili imeshika juu yake, hivyo hakuna nukta hata moja anayokuwa hana kitu. Anayeunga vyuma vya paa la ghala yuko katika hali hiyohiyo. Kwa watu hawa sina mjadala. Asiye na mkanda mzima na mafunzo ya kuutumia asipande.

Sasa mafundi. Nadhani tunawadharau mno kwa kuwaita wakaidi. Saidia fundi anayepokea na kupitisha karai tangu saa mbili asubuhi anageuka mamia ya mara kwa siku, na kamba inanasa kwenye nondo, kwenye misumari ya mbao za zege, kwenye mguu wa mwenzake. Kuna siku kamba yenyewe ndiyo inayomkwaza. Jua la Dar halina huruma na mkanda unashika jasho. Wengi wanalipwa kwa kipande cha kazi, kwa hiyo kila dakika ya kufungua na kufunga inatoka mfukoni mwao. Na mahali pengi mkanda ni mmoja kwa watu wanne, wenye miili minne tofauti, na hakuna mwenye muda wa kuurekebisha kila unapobadilisha mwili. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo bei ya mkanda ilikatwa kwenye malipo ya vibarua. Nililalamika, nikaambiwa ndio utaratibu. Huo haukuwa utaratibu. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unaohusu usalama katika ujenzi, unasema vifaa vya kujikinga vitolewe na mwajiri bila mfanyakazi kulipa chochote.

Mkataba huohuo una maneno ambayo ningependa kila fomani ayasikie: vifaa hivyo vinatolewa pale ambapo kinga ya kutosha haiwezi kupatikana kwa njia nyingine. Njia nyingine hizo ndizo zinazotangulia. Hapo ndipo naona pande zote mbili zinapotea, kwa sababu zinabishania nguo wakati swali la yule kijana lilikuwa la mahali pa kufunga.

Tufanye hesabu yake, kwa sababu hesabu hii wengi hawajawahi kuifanya. Kamba ya kawaida ya kujifungia ina urefu wa mita mbili pamoja na kifuko kidogo cha utepe ulioshonwa, ambao hufumuka mtu anapoanguka ili mwili usipate mshtuko wote kwa mara moja. Viwango vya Ulaya vinataka mshtuko unaoufikia mwili usizidi kilonyutoni 6, sawa na kubebeshwa ghafla karibu kilo 600. Utepe ule unaruhusiwa kufumuka hadi mita 1.75. Tuseme kijana amefunga ndoano miguuni, kwenye nondo iliyochomoza kwenye slabu aliyosimama, kwa kuwa hapo ndipo palipo karibu. Pete ya mgongoni, ambapo kamba inaungana na mkanda, iko kama mita moja na nusu juu ya miguu yake. Akiteleza, anashuka mita 3.5 kabla kamba haijakaza, na wakati huo anakwenda karibu kilomita 30 kwa saa. Halafu utepe unafumuka mita 1.75. Halafu miguu yake iko mita moja na nusu chini ya pete ile. Ukihesabu kutoka kwenye ndoano, mita mbili za kamba, 1.75 za utepe, moja na nusu ya mwili na moja ya tahadhari, chini yake panatakiwa pawe wazi zaidi ya mita sita.

Slabu ya ghorofa ya kwanza iko kama mita tatu kutoka ardhini. Kwa hiyo kijana huyu amevaa, amejifunga, amefuata kila alichoambiwa, na bado anafika chini kabla mkanda haujamaliza kazi yake. Kamba hiyohiyo ikifungwa juu ya kichwa chake anashuka kidogo sana na mshtuko unakuwa mdogo. Mkanda ni uleule. Kilichobadilika ni mahali pa ndoano.

Na mahali hapo pawe na nguvu. Ulaya wanataka kifungio cha mtu mmoja kihimili kilonyutoni 12, takriban uzito wa gari dogo. Marekani wanataka pauni 5,000, zaidi ya tani mbili. Sasa tazama mirunda iliyofungwa kwa misumari na vipande vya kamba ya katani, na umwambie mtu ajifunge hapo. Akianguka, anaanguka na mrunda, na pengine na waliokuwa wamesimama juu yake.

Ukipita maduka ya vifaa vya ujenzi utaona pia mikanda ya kiunoni ikiuzwa kando ya kofia ngumu kana kwamba ni kitu kilekile. Ule unamfaa fundi wa nguzo za umeme kuegemea anapofanya kazi kwa mikono miwili. Kumzuia anayeanguka ni jambo jingine; mshtuko wote unaingia tumboni na kwenye uti wa mgongo. Marekani ilipiga marufuku kuutumia hivyo tangu tarehe 1 Januari 1998. Tafadhali usimnunulie mtu mkanda huo ukadhani umemkinga.

Ndiyo maana naegemea upande wa jukwaa. Kanuni za Uingereza za mwaka 2005 kuhusu kazi za juu zimepanga mambo kwa mfuatano ninaoukubali: kwanza tazama kama kazi inaweza kufanyika chini, kisha zuia mtu asianguke, na mwisho kabisa punguza madhara ya kuanguka. Kenchi nyingi za nyumba zetu zinaweza kuunganishwa ardhini zikapandishwa zikiwa zimekamilika. Jukwaa la mbao zilizopangwa bila mapengo, lenye kizuizi kisichopungua sentimita 95 juu na kingine katikati, linamkinga fundi, saidia fundi, mwenye nyumba aliyepanda kutazama, na yule aliyeajiriwa leo asubuhi ambaye hajui hata mkanda unavaliwaje. Halimwombi mtu akumbuke chochote. Mkanda unamtaka akumbuke kila mara, siku nzima, akiwa amechoka.

Wanaopinga wananiambia jukwaa ni ghali. Ni kweli, la vyuma ni ghali, hata la kukodi, na nyumba nyingi mitaani zinajengwa kidogo kidogo na mtu anayetafuta mifuko kumi ya saruji mwezi huu na kumi mwezi ujao. Hana mkandarasi wala mtu wa usalama. Ana fundi wake na vijana watatu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde watu wake, lakini mwulize mwenye nyumba hiyo kama anajiona mwajiri, atashangaa. Hoja hii naipa uzito mkubwa kuliko zote, na sioni kama ukaguzi peke yake utaifikia kila kona ya Goba na Kinyerezi. Ila mbao za kizuizi si za anasa. Ni mbao zilezile za kusetia zege, zinazotumika tena na tena.

Na ipo kazi moja kwetu ambayo jukwaa halifiki na sheria za ujenzi hazigusi. Pemba, msimu wa karafuu ukiingia, watu wanapanda miti inayozidi mita kumi na kuvuta matawi membamba kwa kamba na fimbo zenye kulabu. Zanzibar imeweka utaratibu wa kuwalipa fidia wanaoanguka mikarafuuni, nami naushukuru, lakini fidia inamkuta mtu ameshavunjika. Kwa mchumaji, mkanda mwepesi unaofungwa kwenye shina juu yake ungefaa kuliko popote kwenye majengo yetu. Sijui kwa nini nguvu yote ya mikanda imeelekezwa kwenye slabu.

Wanaosisitiza mkanda wana deni moja zaidi. Mkanda ukifanya kazi vizuri kabisa, mtu anabaki akining'inia. Asipoweza kusogeza miguu, damu inakusanyika chini na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache; mamlaka ya usalama kazini ya Marekani imeonya kwamba anaweza kufa kabla ya nusu saa. Zimamoto ni 114, wapigie, lakini wakati gari linapambana na foleni ya Mwenge ni lazima awepo mtu palepale mwenye ngazi na kamba, anayejua atamshushaje. Nimeuliza swali hilo sehemu nyingi za ujenzi. Mara nyingi nimetazamwa tu.

Siku ile Goba nilikaa na fomani tukazunguka slabu pamoja, hakunibishia. Jioni akapigilia mbao mbili upande wa barabarani, moja usawa wa kiuno na nyingine katikati, kazi isiyofika nusu saa. Upande wa nyuma ukabaki wazi. Mbao zimeisha, akasema, zitakuja Jumatatu. Nilipokuwa naondoka kijana yule alikuwa amehamia upande huo wa nyuma, anapokea karai, na ndoano bado zinagonga nondo.